Sura ya Saba: Mchanga Unaochemka

Magharibi mwa Texas, barabara kuu ya kutoka San Antonio kwenda El Paso hukatiza jangwa la Chihuahua kwa saa nyingi bila msafiri kuona maji yanayotosha kulowesha kiganja. Kuna vichaka vya miiba, vumbi la chokaa, na pampu za mafuta zinazoinama na kuinuka mbali kwenye upeo wa macho. Mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 400. Kisha, pale vilima vya milima ya Davis vinapoanza, karibu na kijiji cha Toyahvale, utakuta magari yameegeshwa na watu wanavaa suti za kuzamia juani, mitungi ya hewa imepangwa chini karibu yao.

Hapo ni Bustani ya Jimbo ya Balmorhea. Bwawa lake lina eneo la zaidi kidogo ya nusu hekta na kina cha mita 7.6 pale palipo chini kabisa, na maji yake yote hutoka kwenye chemchemi za San Solomon zilizo sakafuni mwake. Chemchemi hizo hutoa zaidi ya lita milioni 57 kwa siku, ilhali bwawa lenyewe hubeba lita milioni 13 tu. Maana yake ni kwamba maji yote hubadilika kama mara nne kati ya macheo na macheo. Hayatiwi klorini, kwa sababu hayakai muda wa kutosha kuharibika. Joto lake ni nyuzi 22 hadi 24 za Selsiasi mwaka mzima. Mwezi wa Julai, hewa ikipita nyuzi 38, watu hujitosa humo wakikimbia jua. Januari, usiku unapogandisha majani ya nje, maji yaleyale hufuka mvuke asubuhi, na wazamiaji huja wakiwa na bwawa zima peke yao.

Aliyezoea kuta za matumbawe za Pemba ataona mita 7.6 ni kina cha mafunzo tu. Wengi ndivyo wanavyolitumia: wanafunzi huletwa, hupiga magoti kwenye saruji, huvua miwani na kuivaa tena chini ya maji, hupokea vyeti vyao na kuondoka. Mimi naona wanapitwa na jambo kubwa. Kwa kawaida, mtu anayetaka kufika pale maji ya chini ya ardhi yanapotokea ulimwenguni lazima aingie pangoni, na kuzamia mapangoni ni fani ya watu wachache, yenye vifaa vyake, kamba zake na orodha ndefu ya waliopoteza maisha. Balmorhea ni mahali ambapo mwanafunzi aliyemaliza kozi yake ya kwanza anaweza kuelea juu ya mdomo wa mkondo huo, jua likimpiga mgongoni na anga likiwa wazi juu yake.

Bwawa lina umbo la duara lililonyoosha mikono miwili. Ile mikono ina sakafu ya saruji, na ndiko familia nyingi zinakoogelea. Katikati, kwenye duara, wajenzi waliacha sakafu kama walivyoikuta: mawe, mwani na mchanga. Shuka taratibu kando ya ukuta hadi miguu ikaribie chini, kisha tulia. Maji ni maangavu kiasi kwamba unaona miguu ya waogeleaji walio upande wa pili. Baada ya muda macho yataacha kufuata samaki na kuona kwamba kuna sehemu za mchanga zisizotulia. Punje nyeupe huinuka kama shubiri moja, hupinduka, huangukia pembeni, kisha huteleza tena katikati na kuinuliwa upya. Zile nzito hubaki chini zikitetemeka. Zile laini hupanda juu zaidi na kutua mbali, hivyo kila jicho la chemchemi limejizungushia pete ya mchanga laini. Linachemka kama uji mzito, lakini halina moto wala mapovu.

Kinachotokea ni hiki. Maji yanayopanda husukuma kila punje juu, huku uzito wake ukiivuta chini. Msukumo na uzito vikishalingana, mchanga huacha kuwa sakafu na kuanza kutiririka. Kiganja kikiletwa juu ya jicho husukumwa, msukumo laini usiokatika, wa maji ambayo mara ya mwisho kuona mwanga inawezekana ilikuwa maelfu ya miaka iliyopita.

Inatosha kukaribia hivyo. Kwenye mawe na mwani wa chemchemi hizi wanaishi konokono wa aina mbili na mnyama mmoja wa jamii ya kamba, wote wadogo mno, ambao serikali ya Marekani iliwaweka kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka mwaka 2013. Wanaishi kwenye chemchemi chache za eneo hili tu. Pezi moja lililopigwa vibaya linaweza kuwafukia. Kwa hiyo ujuzi wa kuelea bila kugusa chini, ambao mwalimu wa kuzamia huurudia mpaka mwanafunzi achoke, hapa una mwenyewe wa kumnufaisha.

Na kuelea hapa kuna hesabu yake. Maji ya bahari ni mazito kuliko maji yasiyo na chumvi kwa takriban asilimia 2.5. Maji ya San Solomon yana chumvi kidogo, lakini hayafiki popote karibu na bahari, kwa hiyo mtu ambaye pamoja na vifaa vyake ana kilo 100 atapaswa kupunguza kama kilo mbili na nusu za risasi kwenye mkanda wake. Asipopunguza, atashuka kama jiwe na kutua juu ya konokono wale. Tena bwawa liko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na vyama vya mafunzo huhesabu uzamiaji wowote wa juu ya mita 300 kuwa ni wa mwinuko. Hewa ya hapo ni nyepesi, hivyo uwiano wa mgandamizo wa chini ya maji na wa juu yake ni mkubwa kuliko namba ya kina inavyoonyesha; mita 7.6 za hapa zinahesabiwa kuwa zaidi ya mita 8 za pwani. Hatari ni ndogo kwa kina hicho. Ila wageni wengi, wakishatoka majini, hupanda gari jioni hiyohiyo kwenda kutazama nyota kwenye kituo cha McDonald, kilichoko mlima Locke, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000. Nitrojeni iliyoingia mwilini chini ya maji bado haijatoka yote, na wewe unaipandisha mlima. Aliyezamia mara mbili au tatu kutwa nzima afanye hesabu zake kwanza, au nyota azipangie usiku wa kesho.

Samaki wa Balmorhea hawamwogopi mtu. Wanaokuja wa kwanza ni kundi la Astyanax mexicanus, wa rangi ya fedha, ambao hudonoa vinyweleo vya miguu ya mgeni bila haya. Ndugu zao wa damu, wa spishi hiyohiyo, wanaishi kwenye mapango ya Mexico ambako kwa vizazi vingi vya giza wamepoteza macho na rangi; hawa wa hapa wanayo macho yao yote mawili na wanayatumia vizuri. Kambare hukaa chini kwenye vivuli. Wapo pia kasa wenye gamba laini, na mara mojamoja nyoka wa majini asiye na sumu hupita akiogelea kwa utulivu, jambo linalowatoa wageni majini upesi kuliko filimbi ya mlinzi.

Anayestahili kutazamwa kwa muda mrefu ni mdogo kuliko hao wote. Cyprinodon elegans ana urefu wa sentimita tano hivi na rangi inayofanana na sakafu anayoishi. Dume hujichagulia kipande cha sakafu chenye mwani na kukifanya boma lake. Dume mwingine akisogea anafukuzwa. Samaki mkubwa mara tatu naye anafukuzwa. Jike akija anapokewa, hutaga yai mojamoja kwenye mwani, na dume huendelea na ulinzi. Ukitulia kabisa utaanza kuona mipaka ambayo hakuna aliyeichora: anakimbia mpaka hapa, anageuka, anarudi; jirani yake anaishia hapohapo upande wa pili. Samaki huyu yumo kwenye orodha ya walio hatarini tangu mwaka 1967. Mwenzake wa majini humu, Gambusia nobilis, ambaye huzaa watoto hai badala ya kutaga, aliongezwa mwaka 1970.

Wanasayansi walimweleza Cyprinodon elegans mwaka 1853 kutokana na samaki waliokusanywa Comanche Springs, chemchemi zilizoko mji wa Fort Stockton, kilomita zipatazo 80 mashariki mwa hapa. Leo huko hayuko hata mmoja. Nitarudi kwenye habari hiyo, kwa kuwa ndiyo inayoamua kama sura hii inazungumzia mahali pa kudumu au la.

Kwanza bwawa lenyewe. Waapache wa Mescalero walinywesha farasi wao kwenye chemchemi hizi, na wakulima wa Kimexico walichimba mifereji kwa mkono kupeleka maji mashambani. Katika miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, serikali ya Rais Franklin Roosevelt iliunda jeshi la kazi la vijana wasio na ajira, wakilipwa dola 30 kwa mwezi na 25 kati ya hizo zikipelekwa moja kwa moja kwa wazazi wao. Kikosi kimoja kililetwa hapa. Vijana wale walichonga mawe ya chokaa, wakafyatua matofali ya udongo, wakajenga kuta za bwawa, nyumba za wageni na mifereji, na kufikia mwaka 1941 kazi ilikuwa imekwisha. Ni ujenzi mzuri, wa mikono iliyojali, na umedumu.

Ila uliharibu kitu. Kabla ya saruji, maji ya San Solomon yalitandaa na kufanya kinamasi katikati ya jangwa, chenye matete, ndege na maji ya kina kifupi ambayo samaki wadogo huyapenda kuliko kina cha bwawa. Kinamasi kilikaushwa, samaki wakabaki kwenye mifereji ya mashamba, humohumo mwenye shamba anamofungulia na kufunga maji. Ilichukua zaidi ya nusu karne kurekebisha: katika miaka ya 1990 kinamasi kidogo kilitengenezwa upya ndani ya bustani, na baadaye cha pili, kilichopewa jina la Clark Hubbs, mwanasayansi wa samaki aliyetumia maisha yake kuwatetea viumbe hawa. Mzamiaji akishakausha nywele, atembee mpaka huko. Kupitia dirisha la kioo lililojengwa ukingoni ataona samaki walewale bila kulowa.

Maji yanatoka wapi? Mtu akiangalia milima ya Davis iliyo nyuma ya bwawa atasema yanatoka huko, na atakuwa amepata nusu ya jibu. Mvua kubwa ikinyesha milimani, mtiririko huongezeka. Lakini kemia ya maji yanayotoka siku zote, mvua iwepo isiwepo, imewaonyesha watafiti kwamba sehemu kubwa ilianzia magharibi zaidi, kwenye mabonde ya upande wa mji wa Van Horn, ikapita kwenye miamba ya chokaa ya milima ya Apache na kusafiri chini ya jangwa kwa makumi ya kilomita. Ni maji ya mvua za kale, za wakati nchi hii ilikuwa na baridi na unyevu kuliko sasa. Mwamba wa chokaa huyeyushwa na maji kidogokidogo mpaka nyufa zinakuwa njia, na njia zinakuwa mapango.

Pango mojawapo linajulikana. Kilomita chache kutoka bwawani, chini ya jabali, kuna chemchemi ya Phantom Lake. Wazamiaji wa mapango wameingia humo kwa miaka mingi, na mwaka 2013 timu moja ilifika kina cha futi 462, yaani mita 141, ikalifanya kuwa pango la majini lenye kina kirefu kuliko yote yaliyokuwa yanajulikana nchini Marekani wakati huo. Huko chini mkondo unaendelea. Fikiria tofauti: kwenye bwawa, mita saba na nusu, watoto wakipiga kelele juu; kwenye pango, mita 141, giza, saa nyingi za kupanda polepole ili gesi itoke mwilini. Ni maji ya mfumo mmoja.

Na Phantom Lake haitoi tena maji yenyewe. Mtiririko wake ulipungua kwa miongo mingi, na karibu na mwaka 2000 ukakoma kutoka mdomoni mwa pango. Ili samaki na konokono wasife, maji ya pangoni huvutwa kwa pampu na kumwagwa kwenye kidimbwi kilicho mlangoni. Uhai wa viumbe wa hapo unaning'inia kwenye waya wa umeme. Kwa kuwa mdomo wa Phantom Lake uko juu kidogo kuliko San Solomon, ndio ulioanza kukauka maji yaliposhuka. Hakuna sababu ya kudhani kuwa kushuka kwake kulikuwa ni habari ya pango lile peke yake.

Sasa Fort Stockton. Comanche Springs zilikuwa miongoni mwa chemchemi kubwa kabisa za Texas. Wasafiri wa msafara wa kwenda magharibi walipumzika hapo, jeshi lilijenga ngome kando yake, na wakulima walio chini ya mji walimwagilia maelfu ya ekari kwa mifereji. Tangu mwaka 1936 mji umekuwa ukifanya tamasha la maji, na wasichana kwa wavulana kuogelea kwa mpangilio wa muziki. Katika miaka ya 1940 na 1950, wamiliki wa ardhi upande wa magharibi, akiwemo Clayton Williams wa kwanza, walichimba visima virefu na kufunga pampu zenye nguvu. Mashamba yao mapya yalistawi. Mifereji ya wale wa chini ilianza kukauka.

Wakulima wa chini wakaenda mahakamani, na mwaka 1954 wakashindwa. Mahakama ilifuata kanuni iliyowekwa Texas tangu mwaka 1904: maji yaliyo chini ya ardhi ni ya mwenye ardhi, na anaweza kuvuta kiasi apendacho hata kama jirani anakaukiwa. Majaji wa enzi ile waliona mwendo wa maji ardhini umefichika mno kiasi kwamba sheria haiwezi kuufuatilia. Kufikia 1954 ulikuwa haujafichika tena. Mtu aliweza kuhesabu pampu zikiwashwa na kuona chemchemi ikishuka. Lakini kanuni ilibaki, na maana yake mashambani ilikuwa mwenye pampu mpishe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 chemchemi zilikuwa zimekauka. Familia zilihama. Cyprinodon elegans wa Comanche Springs walikufa wote. Tamasha la maji linaendelea mpaka leo, kwenye bwawa lililojengwa juu ya chemchemi, ambalo sasa hujazwa maji kutoka kwingine.

Msomaji wa Kenya atakumbuka Mzima, kule Tsavo Magharibi, ambako mvua ya vilima vya Chyulu huzama kwenye mwamba wa volkano na kuibukia nyikani, viboko wakiishi ndani yake na bomba likipeleka sehemu ya maji hayo Mombasa. Anayefungua mfereji Mombasa anaitegemea mvua ya vilima vilivyo mbali na macho yake. Ndivyo ilivyo Balmorhea: bwawa linategemea mambo yanayofanywa chini ya mashamba ambayo muogeleaji hatayaona.

Septemba 2016 kampuni ya mafuta ya Apache ilitangaza kwamba imegundua akiba kubwa ya mafuta na gesi karibu na mji wa Balmorhea. Wakazi waliingiwa na hofu, kwani uchimbaji wa namna hiyo hupasua miamba kwa maji mengi yenye shinikizo. Kampuni iliahidi kutochimba chini ya bustani. Miaka michache baadaye bei ya gesi ilishuka na mradi ukafifia. Naona ni haki kusema kwamba bei ya soko ililinda chemchemi zaidi ya sheria yoyote. Wakati huohuo, Mei 2018, bwawa likiwa limeshushwa maji kwa usafi wa kila mwaka, ilionekana kwamba sehemu ya saruji chini ya ubao mrefu wa kurukia imeanguka. Bwawa lilifungwa, michango ikakusanywa, mojawapo kutoka kampuni hiyohiyo, na mwaka 2019 watu wakarudi kuogelea. Saruji ina fundi wake na bajeti yake. Maji hayana fundi.

Kuna ushahidi mmoja, hata hivyo, ambao hakuna aliyeutegemea. Mwaka 1986, baada ya kukauka kwa miaka mingi, Comanche Springs zilitoa maji tena, na tangu hapo yamerudi katika miaka kadhaa, wakati wa baridi, pale mashamba ya magharibi yanapopumzika na pampu kuzimwa. Maji hupanda kwenye nyufa zilezile, hutiririka kwa wiki chache, kisha msimu wa kumwagilia ukianza hushuka tena. Kwa maneno mengine mwamba haukufa. Kilichobadilika ni kiasi kinachovutwa, na kiasi hicho kinaweza kujadiliwa, kulipiwa fidia na kuwekewa kikomo. Anayekuja kuzamia Balmorhea kati ya Januari na Machi aulize kama chemchemi za Fort Stockton zinatoka mwaka huo. Ni mwendo wa saa moja kwa gari, na mlango wa kuziangalia uko katikati ya mji.